Ngoma Iliyolala Juu ya Boila

Mkiniona kanisani nimekaa mbali na ngoma msifikiri ni unyenyekevu, ni aibu tu, na acha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Boito, maana wale huongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi kijana wa kuwasha boila, lile tangi la moto la kutoa mvuke, kwa kiwanda cha majani chai, na Jumapili mpigaji ngoma wa kwaya. Mnajua ukungu wa huku, ngozi ya ng'ombe inanyonya maji mpaka ukiipiga inasema "pfu" kama mtu amekalia mto, ndiyo maana kabla ya kuimba tuliwasha nyasi kavu nje tukaipasha, na Mama Chelangat, kiongozi wetu, aliigusa kwa kiganja akasema imetosha. Lakini mimi nilikuwa nimesoma sayansi ya darasa la nane (nusu yake). Niliwaambia wanakwaya washike koo wakiimba, wasikie linavyotetemeka, nikamwaga punje za mahindi juu ya ngozi waone zinavyoruka nikiipiga, nikawaeleza kwamba sauti yote ni mtetemo, joto linakausha ngozi na kuikaza, na ikikazwa inatetemeka haraka zaidi na sauti inapanda. Hayo yote ni kweli. Shida ni kwamba nilidhani kukaza hakuna mwisho.

Basi tukaalikwa mashindano Roret, mshindi aende Kericho mjini, na kwa vile kwaya yetu haikuwa imewahi kufika huko, akina mama wakashona vitenge vipya. Mvua ikanyesha wiki nzima. Nikaamua, kitu kidogo tu, niilaze ngoma juu ya boila nikiwa kazini, halafu nikasahau kuitoa, halafu nilipokumbuka nikaigonga kwa kidole, ikalia "ting", nikafurahi sana nikairudisha pale pale.

Roret, ubeti wa kwanza, jamani, ilisikika mpaka sokoni, majaji wakainua vichwa, nami nikaanza kutabasamu ovyo na kupiga kana kwamba kuna mtu ananitafutia mke. Ubeti wa pili ikapasuka. Mkono ukaingia mpaka karibu na kiwiko, na kila nikivuta, zile kingo kavu zinanibana. Kwaya ikayumba. Mama Chelangat, bila kugeuza uso, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ochieng', usituaibishe. Piga na mdomo."

Nikaanza du-du, du-du, nimevaa ngoma kama bangili. Pengine ningefaulu, lakini woga ukanikaza koo, na kama nilivyofundisha mwenyewe, kinachokazwa sauti yake hupanda, du-du ikawa di-di, di-di ikawa mlio wa kifaranga. Jaji mmoja alijifunika uso na kofia yake, mabega yakimtetemeka.

Tukawa wa mwisho. Nje, Mama Chelangat alimimina maji juu ya ngozi mpaka ikalegea na mkono ukatoka (maji yale yale niliyokuwa nikiyakimbia wiki nzima), kisha akauliza, "Hii ngoma ililala wapi?" Nikamwambia. Hakunigombeza, aliwatazama tu wenzake wakikunja vile vitenge vipya, na hapo ndipo nilipoumia kweli.

Ngoma sipashi tena mpaka nife. Siku hizi nimepewa kayamba, na hata hiyo, kila Jumapili kabla hatujaanza, Mama Chelangat huiwekea kiganja kwanza asikie kama ina joto.