Siku Saumu Alipokubali Kubadilisha Disiki

Mke mwenzangu Saumu aliolewa na marehemu Muzee Ridhwani miaka kumi nyuma yangu, na mutu asidanganyike: tuligombana kwanza, mapenzi yakaja baadaye. Mimi nilikuwa na jiko, yeye alikuwa na gari. Muzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha, na alipofariki, Saumu akaendelea kubeba abiria pale mtaani Birere na ile Toyota nyeupe. Vijana wa taxi walimcheka wiki moja. Ya pili walikuwa wanamuomba njia.

Disiki zake za freni, zile sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu na kubanwa ili gari lisimame, alizipenda kama wengine wanavyopenda bangili zao za ndoa. Alikuwa na sababu. Vita ya 1996 ilipoingia Goma, wenye bunduki walichukua kila gari lililotembea. Saumu akafungua magurudumu ya mbele, akatoa disiki, akaniletea. Nikazifunga ndani ya kitenge, nikalala juu yake kama kuku anayeatamia mayai ya chuma. Wakaja, wakakuta gari limekaa juu ya mawe, wakatukana, wakaenda. Mwaka wa 1998 tukafanya vile vile, na mbavu zangu zinakumbuka hadi leo. Volkano iliposhuka mjini mwaka wa 2002, ni disiki hizo hizo zilizotusimamisha kwenye njia ya kukimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, watu wamejaa mbele yetu, moto nyuma.

Mwaka uliofuata, madereva wa Birere wakasawazisha kiwanja juu ya lava iliyopoa, wakatangaza mashindano ya mbio za kuzunguka na gari. Saumu, mama mwenye wajukuu, akaandikisha jina.

Asubuhi ya mashindano, fundi wetu Fortunat, Mukatoliki wa upande wa Bukavu mwenye subira ya padri, akatoa gurudumu, akamuita.

"Mama Saumu, pitisha ukucha hapa ukingoni. Unasikia ngazi?"

"Nasikia. Ni uzee. Hata wewe una ngazi kichwani, nani aliyekunyoa?"

"Vumbi la lava limezisaga, Mama. Zimekuwa nyembamba kupita ile namba ya mwisho iliyochongwa hapa. Na angalia huu ufa."

"Ufa mudogo."

"Nyufa za juu juu, za joto, ningeziacha. Huu umefika ukingoni. Kule kwenye kuzunguka unafunga freni kila kona, chuma inawaka, haipati hata nafasi ya kupoa. Itapasuka."

"Na jana kwenye mazoezi," nikasema mimi, "pedali haikutetemeka?"

Saumu akanikata jicho. "Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita, dada mkubwa, "kaa na vyungu vyako."

Fortunat alikuwa na disiki mpya ndani ya katoni, tayari. Saumu hakutaka hata kuzitazama.

"Hizi zimepita vita mbili na volkano," akasema. "Leo zishindwe na kona? Rudisha gurudumu langu."

Nikaona maneno hayatoshi. Sheria ya mashindano iliruhusu kila dereva kubeba mutu mumoja. Fortunat alipokuwa anarudisha gurudumu, nikaingia nyumbani, nikavaa kitenge changu cha Idi, nikafunga kilemba, nikafungua mlango wa gari, nikakaa mbele.

"Yaya, shuka."

"Sishuki. Si umesema ni nzima?"

"Wewe! Hujapanda gari kwa kupenda tangu volkano!"

"Leo nimependa. Twende."

Akawasha. Injini ikanguruma, sisi tumekaa pale pale. Akatazama kilemba changu, akatazama kile kitenge cha Idi, akapumua kama mutu aliyetua mzigo. Akazima.

"Fortunat," akaita bila kugeuka, "weka hizo zako. Na wewe, Yaya, una roho mbaya sana."

"Na plaketi mpya pia," Fortunat akasema haraka, kabla Saumu hajabadili nia; yaani vile vibao vinavyobana disiki.

Tulifika kiwanjani wa mwisho kabisa, mimi bado nimekaa. Fortunat alikuwa ameagiza disiki mpya zipashwe moto kwa upole kwanza, basi mizunguko ya mwanzo tukatembea kama gari la arusi. Watu wakapiga vigelegele vya kutucheka. "Bibi arusi huyo! Mupelekeni kwa bwana!" Aliyecheka kuliko wote ni dereva Mulumeoderhwa, ametoa kichwa dirishani.

Kisha Saumu akauma mdomo, akakanyaga mafuta. Kwenye kona kubwa wenzake wote walipunguza mapema. Yeye akangoja. Akangoja tena. Mimi nikasoma shahada. Ndipo akafunga freni, na gari likatii, halikutetemeka hata kidogo, tukampita Mulumeoderhwa na mdomo wake ukiwa wazi bado.

Kijana mumoja wa mtaa wa Himbi ndiye aliyetutangulia. Sisi tukawa wa pili, na Birere nzima ikatukimbilia.

"Yaya, pole," Saumu akasema, uso wote vumbi. "Umeogopa? Shuka basi upumue."

"Nishuke niende wapi?" nikamwambia, nikavuta mlango vizuri. "Zungusha tena."

Akazungusha.