Walisema Nimeota, na Mimi Nilikuwa Nasoma

Najua wengine wenu mmeshaisikia hii stori kwa wamama wa Awasi, na najua mlicheka mpaka chai ikawatoka puani, sasa leo nyamazeni niwaambie mwenyewe, kwa sababu aibu ni yangu na hasira ni yangu, na mpaka leo hakuna mtu hata mmoja aliyeniomba msamaha.

Dada yangu Lilian alijifungua msichana, nami nikafunga saluni yangu pale Kondele nikaenda kwao Awasi kumsaidia kufua na kupika. (Ndiyo, mimi husuka nywele, na ndiyo, mteja akichelewa mimi husoma riwaya kwa simu, na sioni ubaya wake, kuna wenzangu hapo hapo saluni ambao kazi yao ni kusema watu.) Sasa huyo mtoto alikuwa analia, lakini kulia! Akinyonya analia, akibebwa analia, na kwetu mtoto akilia hivyo wazee husema anatafuta jina, basi unamwitia majina ya waliotutoka, moja moja, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Shemeji yangu alikuwa na jina tayari, la mamake marehemu, Awuor. Dadake, yaani shangazi ya mtoto, tunamwita Waya, alitoka Ahero na gunia zima la mchele kuhakikisha hakuna jina lingine linapita hapo. Alimwita mtoto Awuor, Awuor, mpaka sauti ikamkauka, na mtoto akazidi kulia.

Jumamosi mchana wamama wa kanisa wakaja na mchungaji kumwona mzazi, nikaambiwa nimpeleke mtoto chumbani ili watu waombe bila kelele. Nikambembeleza, nikaimba, wapi! Nikaona, ai, si nimsomee tu. Nikafungua simu pale nilipokuwa nimeachia, riwaya ya msichana mmoja mpenda vitabu anayekufa bado kijana, halafu anazaliwa upya, mtoto mchanga kabisa, katika nchi ya mazimwi na wachawi ambako hakuna hata ukurasa mmoja wa kusoma, basi analia kutwa na hakuna anayejua anataka nini. Nikasoma kwa sauti. Na mtoto, yawa, akanyamaza kabisa, akanikodolea macho.

Kumbe Dani, nyanya ya shemeji yangu upande wa babake, alikuwa amesimama mlangoni.

"Umemwambia nini huyo?" akauliza.

Nikamweleza, tena vizuri, maana mimi sina siri. Msichana, vitabu, kufa, kuzaliwa tena.

"Alikufa hajaolewa?"

"Hajaolewa, Dani. Lakini ni riwaya tu, kuna mtu amekaa chini akaiandika."

Akakaa kitandani polepole. Akaniambia alikuwa na mdogo wake kule kwao Sondu, Akoth, aliyetolewa shule ili kaka zao wasome, akabaki kuokota magazeti yaliyofungiwa sukari dukani ili ayasome, kisha homa ikamchukua angali msichana, na tangu siku hiyo hakuna mtoto yeyote aliyepewa jina lake. "Amekujia," akaniambia. Nikamwambia hajanijia, sikuota, nilikuwa macho, na simu hii hapa.

"Zamani waliotutoka walitujia kwa ndoto kudai majina yao," Dani akasema. "Sasa nyinyi hamlali, mko kwa simu tu. Angekupata wapi?"

Hebu niambieni, nyinyi mnaojua kucheka, hapo mngejibu nini?

Kabla sijavaa ndala ameshafika uani na mkongojo wake, anaita kwa nguvu zote, "Nyamazeni! Pamela ameota! Akoth amerudi!" Wamama wakapiga vigelegele, nikavutwa mkono mpaka mbele ya watu na mtoto kifuani ili nitoe ushuhuda, na kila nikifungua mdomo kusema ni riwaya, mama mmoja mnene anapaza sauti, "Haleluya, usiogope, sema!" Nilisema! Nilisema mara ngapi? Hakuna aliyesikia.

Waya ndiye aliyesikia. Akaja amewaka moto. "Akoth ni nani kwetu? Mama yangu hajamaliza mwaka kaburini, na mjukuu wake wa kwanza mnampa jina la msichana wa Sondu ambaye hata picha yake hatuna?" Akaninyang'anya simu, akaisukuma hadithi mbele, mbele kabisa, kule ambako msichana ameshakua na mambo yameshakuwa mambo, akawasomea watu wote kwa sauti ya kusomea somo kanisani: "Mkuu wa mazimwi akakunja mabawa yake, akamfungua joho taratibu, akamnong'oneza shingoni..." Mchungaji alikuwa na kikombe mdomoni. Wale wamama wa haleluya sasa wananitazama kama mimi ndiye nimefunguliwa joho.

"Haya," Waya akasema, "hii ndiyo sauti ya marehemu?"

Watu wakacheka. Mimi nilitaka ardhi inimeze, lakini nilipogeuka nikamwona Dani amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, na alikuwa analia kilio cha mtu aliyekinyamazia miaka na miaka. Kicheko kikaisha chenyewe.

Lilian, ambaye siku zote hizo hakuna aliyemuuliza chochote, akatoka ndani ya nyumba akamchukua mtoto mikononi mwangu. "Huyu ni Akoth," akasema.

"Kwa sababu ya riwaya?"

"Riwaya ni ya Pamela. Mimi nimemwona Dani. Waya, wa pili atakuwa Awuor, nakuahidi mbele ya hawa watu."

Waya naye akaanza kulia, mtoto akaanza tena palepale, na msidhani alinyamaza alipoitwa Akoth, hata kidogo! Dani akampakata hivyo hivyo. "Lia, Akoth," akamwambia. "Lakini shule, hakuna wa kukutoa tena."

Nami nimeapa sitasoma kwa sauti katika nyumba ya mtu mwingine, kwa maana sasa kuna wajawazito wanaonitumia salamu niwaotee majina ya marehemu wa upande wa bwana zao, upuuzi gani huu! Bado nimekasirika. Ila huyo mtoto akianza shule, mtu yeyote atakayemtoa darasani, awe babake, awe Waya, aje aniambie mimi kwanza.