Pijo ya Kwenda Kimana

Masila hakuwa mtu wa maneno mengi, na hata hayo machache aliyosema yalihusu chuma. Miaka kumi na miwili alichomelea mabomba kiwandani Magadi, kwenye joto la kumtoa mtu akili, na alipoacha kazi mwaka wa 1994 akanunua ploti Kitengela, futi hamsini kwa mia, akajenga nyumba ya mawe yenye vyumba viwili. Kutoka Magadi alileta vitu viwili tu vya maana: mashine yake ya kuchomelea, na mzoga wa pikapu, Pijo 404 ya mwaka wa 1969, ambayo sakafu yake ilikuwa imeliwa na magadi hata ukikaa kwenye kiti unaona nyasi. Mkewe, Wayua, aliicheka mpaka akashika mbavu. Kuku wakahamia ndani, wakataga humo miaka saba.

Wayua aliuza vitunguu. Alikuwa mzaliwa wa Kimana, na mara mbili kwa mwezi alikwenda kwao, akalala kwa mamake Mukai, kisha akarudi Kitengela juu ya lori, ameketi kwenye magunia yake. Julai ya 2001 lori liliingia shimo karibu na Emali, Wayua akarushwa, akaanguka chali barabarani. Mgongo ulivunjika, ukaunga vibaya. Tangu siku hiyo hakukaa wala kusimama. Alilala tu, na akitikiswa kidogo alipiga yowe lililowatoa majirani nje.

Lakini alilomlilia mumewe zaidi ya mgongo ni mamake. Mukai alikuwa mzee, macho yamekwisha, hana nguvu ya safari. Mwaka uliofuata Masila alikodi gari, wakang'oa viti vya nyuma, wakamlaza Wayua juu ya magodoro mawili. Hawakufika hata mji wa Sultan Hamud. Kila tuta lilikuwa yowe, na mwishowe Wayua akamwomba mumewe kwa jina la Mungu amrudishe nyumbani. Masila aligeuza gari. Kesho yake asubuhi akawafukuza kuku kwenye Pijo.

Watu walisema Mkamba huyu amechizi. Mwendawazimu gani anakata ukuta wa nyuma wa kebini ya pikapu? Lakini Masila alitaka dereva na mgonjwa wawe chumba kimoja, asikie akiitwa. Akaurefusha mwili wa gari kwa futi mbili, akaufunika wote kwa paa la bati, akauchomelea ukawa kitu kimoja kutoka kioo cha mbele mpaka mlango wa nyuma. Springi za mzigo alizitupa, maana zilikuwa ngumu kama roho ya mkopeshaji. Akatafuta laini kwa wauza vyuma kuukuu, na pamoja nazo ekseli mbili za gari jingine, pana kuliko zile za kwanza, gari lisiyumbe.

Namna yake ya kupima ilikuwa moja. Aliweka karai la maji pale ambapo Wayua angelala, akauacha mlango wa nyuma wazi, akaomba watu wawili wasukume gari lipite juu ya jiwe uani. Wayua alitazama kutoka kitandani, kupitia dirisha la chumba cha kulala, na yeye ndiye aliyekuwa hakimu.

"Imemwagika?" Masila aliuliza.

"Imemwagika, Baba Mwololo. Hapo ningekuwa nimekufa."

Mwololo alikuwa mtoto wao wa pekee, mfanyakazi bandarini Mombasa. Masila alirudi chini ya gari, akafungua springi, akaanza upya. Ilikwenda hivyo miaka minne, kazi za watu mchana, Pijo kila alipopata nafasi. Injini peke yake ilimlia mwaka mzima.

Sasa lazima niseme jambo kuhusu Kitengela ya miaka ile. Kulikuwa na ramani, na kulikuwa na watu, na hivyo viwili havikujuana. Barabara ya kwenye ramani ilikuwa nyasi tupu, kwa hivyo mtu alipoona ploti ya jirani haijajengwa, aliihesabu kuwa njia. Nyumba ya Masila ilikuwa imeipa mgongo barabara ya ramani, upana wa ploti karibu wote, ikabaki kando yake njia ya futi sita. Ua ulikuwa nyuma, na wote waliingia uani kwa kukatiza ploti tupu ya mama mmoja mfanyabiashara wa Ngong, jina lake Nyaguthii. Pijo yenyewe iliburutwa kupitia hapo.

Januari ya 2006 Nyaguthii alianza kujenga vyumba vinane vya kupangisha. Na ni nani aliyemchomelea milango na madirisha? Masila! Alihitaji tairi. Alibeba milango ile mmoja mmoja, akaitia kwenye kuta zilizojengwa hadi kwenye mpaka wa ploti, na hata siku moja hakuinua kichwa akajiuliza gari litatokea wapi. Akili yake yote ilikuwa kwenye karai.

Mwezi wa Mei maji hayakumwagika. Gari lilipita juu ya jiwe, likashuka, na Wayua akapiga makofi kitandani. Wiki hiyohiyo vidonda vya mgongoni, alivyopata kwa kulala miaka yote hiyo, vikaingia sumu, figo zikaanza kulala, na daktari mmoja mjini Kajiado akamwita Masila pembeni, akamwambia kama kuna mtu mgonjwa anataka kumwona, amwone mwezi huu.

Masila aliwasha Pijo, akaipeleka hadi kando ya nyumba, akasimama. Alishuka na futi ya kupimia. Njia, futi sita. Gari, futi sita na nusu. Alipima mara tatu, kana kwamba chuma hubadili nia. Kisha akaketi chini kwenye vumbi, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, akalia.

Nyaguthii alikuwa amekuja kuwaona wapangaji wake. Masila alimwendea.

"Ukuta ni yangu, Baba Mwololo, lakini nyuma yake kuna watu na watoto wao," Nyaguthii alisema kwa uchungu. "Nitawapeleka wapi? Na hizo milango si ni wewe ulinitengenezea? Mbona hukusema?"

"Sikufikiria," Masila alijibu. Ndiyo kweli yote aliyokuwa nayo.

Aliingia chumbani. Wayua alikuwa amesikia kila kitu.

"Kurudisha ekseli za zamani ni siku ngapi?"

"Hizi springi hazishiki kwa hizo ekseli. Nianze tena... wiki sita. Tano, nisipolala."

"Niko na wiki sita?"

Masila akageuka aende kutafuta spana.

"Hii ukuta iko hapa kichwani yangu," Wayua akasema, "nje yake ni nini?"

"Ni barabara."

"Basi vunja."

"Nikivunja hapa, ukirudi utalala wapi?"

Wayua alimtazama kwa huruma, kama yeye ndiye mgonjwa. "Masila, nani amekuambia narudi?"

Asubuhi wakambeba na godoro lake, wakamlaza kwenye Pijo. Kutoka humo alimwona mumewe akiezua bati la chumba chao, kisha akishika nyundo kubwa, aanze na ukuta wa uani, amalizie na ule wa barabarani. Pigo la kwanza Masila alilipiga kwa woga, la pili kwa hasira, na baada ya hapo hakuhesabu. Nyaguthii alijifunga leso kiunoni, akaondoa mawe pamoja na wapangaji wake. Saa tano Pijo ilipita juu ya sakafu ya chumba, pale pale kitanda kilipokuwa, ikaingia barabara ambayo haikuwahi kukanyaga.

"Umemwagika?" Masila aliuliza walipofika Sultan Hamud.

"Bado. Endesha."

Aliuliza tena Emali, na kila shimo la barabara ya vumbi baada ya hapo, na Wayua alijibu vilevile, mpaka akachoka na kumwambia anyamaze. Jioni wakaingia Kimana. Mukai aliongozwa kwa mkono hadi mlango wa nyuma, akaupapasa uso wa bintiye.

"Mama," Wayua alisema, "sijamwagika hata tone."

Aliishi siku kumi na moja. Walimzika kando ya shamba la vitunguu.

Masila alirudi Kitengela peke yake, akaegesha Pijo juu ya sakafu ya chumba kilichovunjwa. Mawe yalibaki yamepangwa kando, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyaguthii alishindwa kuvumilia.

"Baba Mwololo, mvua inakuja. Utajenga lini?"

"Nikijenga, gari itatokea wapi?"

"Unataka kwenda nayo wapi?"

"Kimana," Masila alisema, ndipo akakumbuka kwamba hana tena wa kumpeleka.