Mistari Niliyoinyamazisha Mwenyewe

Muuguzi wa kliniki ya wajawazito pale Ilongero alinipigia simu mara tatu wiki ile. Mfumo wa kuandikisha akina mama, ambao niliutengeneza mimi, ulikuwa unapoteza baadhi yao. Anaandika jina, anabonyeza "Hifadhi", kesho yake akilitafuta halipo.

"Labda hubonyezi vizuri, mama," nilimwambia.

"Njoo uone ninavyobonyeza."

Asubuhi nikapanda bodaboda kutoka mjini. Nilimkuta mezani. "Shikamoo." "Marahaba. Kaa hapa." Akaandika mama wa kwanza, akaonekana kwenye orodha. Wa pili akaonekana. Wa tatu hakuonekana, na yeye alikuwa amebonyeza mbele ya macho yangu.

Nikafungua kompyuta yangu na kuingia kwenye seva. Katika programu niliongeza mistari michache ya kuandika kwenye faili la kumbukumbu kila hatua inayopitiwa: nimepokea jina, nimelikagua, nimelihifadhi. Nikamwomba ajaribu tena. Faili likabaki tupu.

Nikadhani nahariri nakala ya programu isiyotumika. Kuhakikisha, nikaharibu mstari mmoja kwa makusudi.

"Sasa imekufa kabisa," alisema muuguzi.

"Vizuri," nikajibu. Akanitazama kwa mashaka.

Programu ikifa, basi nakala niliyokuwa nahariri ndiyo inayotumika. Nikaurudisha ule mstari, nikaanza kusoma faili la mipangilio, na humo nikakuta agizo la kuandika makosa makubwa tu, mengine yote yaachwe. Niliyeliweka ni mimi, miezi kadhaa nyuma, diski ya seva ilipokaribia kujaa. Nilikuwa nimesahau kabisa. Na jina likikataliwa, programu yangu ililihesabu kuwa jambo dogo, kwa hiyo lilipita kimya.

Nikalegeza agizo, nikawasha programu upya. Muuguzi akaandika tena jina la yule mama wa tatu. Mistari ikamiminika, wa mwisho ukisema: jina lina alama isiyoruhusiwa.

Ilikuwa ritifaa, ule mkato mdogo wa juu kwenye ng'. Mimi niliyezaliwa Mgori, kwenye ukoo uliojaa majina ya ng', nilikuwa nimeandika kanuni inayoyakataa.

Nikamgeukia. "Mama, ulikuwa unabonyeza sawasawa. Kosa ni langu. Nisamehe kwa maneno yale ya kwenye simu."

"Nilijua nabonyeza," alisema, bila kunikasirikia. Akavuta droo, akatoa daftari. Tangu majina yaanze kupotea alikuwa anawaandika akina mama wote kwa mkono, na tarehe zao za kurudi.

Nilirekebisha kanuni, kisha tukaanza kuwaingiza waliopotea, yeye akisoma, mimi nikichapa. Kwenye jina la tano akanisimamisha.

"Huyu kliniki yake ilikuwa jana, na hakuja. Jina lake halikuwemo, kwa hiyo mfumo haukumtumia ujumbe wa kumkumbusha."

Akachukua simu yake, akatoka nje kumpigia. Kupitia dirishani nilimsikia akicheka na kusema, "Basi njoo leo hii hii, nakusubiri." Nikaendelea kuchapa.