Mlango wa Chumba cha Mwana

Kila Jumatatu jirani yangu hutoka misa ya asubuhi na kwenda moja kwa moja kwa seremala kudai avansi yake, fedha aliyotanguliza. Aliagiza mlango wa chumba cha mwanawe. Mwana akapiga simu kutoka Lubumbashi kwamba harudi tena hapa Baraka, na mama akavunja mapatano na seremala. Huketi juu ya mbao, risiti imefungwa kwenye pindo la kitenge, akiokota maranda moja moja na kuyanyoosha pajani. Hagombi. "Mama, ile feza ilishaisha ku mbao," seremala humwambia. Juzi seremala alichoka, akamtolea mlango wenyewe. "Beba hii tu, tumalize." Mama akaupapasa, akaugonga mara mbili kwa kidole, akangoja. "Iko muzuri," akasema. "Lakini nikipiga hodi, nani ataitika?"