Alichosema Rigobert Kando ya Mifupa

Rigobert Katongo anashona viatu Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, na siku hizi ukimtajia tembo anakuomba uondoke mbele yake. Kumbe ndiye aliyewatembeza wageni mbugani miaka kumi na minane akiwaonyesha tembo, tena kwa maringo! Kila mmoja alimjua kwa masikio yake. Kiongozi wa kundi, jike mzee mwenye sikio la kushoto lililochanika, Rigobert alimpa jina la mama mkwe wake, Marie-Thérèse. Wote wawili, alisema, walimtazama kana kwamba ameiba kitu.

Halafu nchi ikaanza kuporomoka. Wageni wakakoma, mishahara ikakoma, walinzi wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Yeye akabaki, kwa ukaidi tu. Mwaka huo jike mmoja wa kundi hilo akafa kwa ugonjwa, na Rigobert akamwona Marie-Thérèse akiirudia mifupa yake mara kwa mara, akiipapasa kwa mkonga, kundi zima limesimama kimya.

Siku moja akafika askari aliyeitwa Aristote, ameleta sukari na sabuni. Aliuliza habari za tembo kwa adabu. Miaka miwili hakuna aliyemwuliza Rigobert lolote, basi moyo ukamlainika, akampeleka hadi kwenye mifupa.

"Sikia, mwanangu. Tembo habasahau ndugu yabo. Batatembea mbali, lakini batarudia hapa."

"Kweli, papa?"

"Kweli kabisa. Mi mwenyewe nimebaona."

Mwezi uliofuata vita vikasogea, naye akakimbilia Lubumbashi. Kwa miaka aliwauliza madereva wa malori kutoka kaskazini kama wamemwona jike mwenye sikio lililochanika. Hakuna aliyejua, na kwa kuwa hakuna aliyejua, akaendelea kutumaini kwamba yu hai.

Mpaka juzi, mtu mnene alipomletea buti lililofumuka. Alikuwa Aristote. Alimshika mikono yote miwili kwa furaha ya kweli.

"Papa Rigobert! Ulitusaidia sana! Hatukuhangaika kufwata nyayo. Tulikaa tu karibu ya ile mifupa, tukangojea. Bakakuya bote."

"Na ile ya sikio ya kupasuka?"

"Ile njo ilifika ya kwanza. Tukaipiga. Zingine zikarudia kuigusa, njo tukamaliza zote."

Rigobert aliinamisha kichwa, akalishona buti lile kwa uzi wa mara mbili. Alijichukia kwa kila tundu alilotoboa kwa sindano. Lilikuwa buti imara alipomrudishia.