Mchoro Usio na Uso

Nikiwa mwaka wa pili chuoni Embu, nikisomea uchoraji, kulikuwa na mchoraji mmoja wa Nairobi niliyekuwa karibu kumwabudu. Hatukuwahi kukutana, nilimfuata mtandaoni kwenye simu. Alichora watu wa kawaida, mama mboga, wafunga miraa, wabeba maji, na wote hakuwapa nyuso. Mahali pa uso aliacha rangi moja tu, bapa. Watu walimsifu ajabu. Nami nikaanza kuchora hivyo hivyo, na mwalimu akasema nimeanza kuiva.

Ukweli ni kwamba nyuso zilikuwa zimenishinda. Kila nikichora macho, yanatoka makengeza. Yule bwana alinipa pa kujificha, basi.

Kisha nyanya yangu, mamake mama, akafa kwake Kanja. Nyanya hakupenda kupigwa picha hata kidogo. Ukimwelekezea simu, anajifunika leso usoni na kukutukana kwa Kiembu mpaka uirudishe mfukoni. Uso wake ulibaki mahali pamoja tu, kwenye kitambulisho, nao ulikuwa umefifia. Ukikipiga fotokopi, unapata weusi mtupu. Na kwetu jeneza haliendi bila picha: mjukuu hutangulia akiwa ameishika kifuani, watu wamwone wanayemsindikiza.

Mama alitaka kitambulisho kipelekwe studio mjini, ile picha isafishwe na kukuzwa. Nikamkatiza. "Studio ya nini, Mama, na mimi niko? Si hii ndiyo kazi ninayosomea?"

Akafuta machozi, akanikabidhi kitambulisho. "Haya. Lakini awe yeye. Umesikia? Awe yeye."

Nilikaa nacho siku tatu. Nilijaribu uso mara mbili, akatoka mwanamke mwingine kabisa, tena mwenye hasira. Nikasema potelea mbali. Nikamchora Nyanya ameinama chini ya mzigo wa kuni, kamba ya mzigo imemkaza kwenye paji la uso, na hapo pa uso nikapaka rangi ya udongo. Haki ya Mungu, nilijiona fundi.

Siku hiyo ya tatu mjomba akaja kukichukua kitambulisho akirudishe kwa naibu chifu, maana mtu akifa serikali hukitaka. "Umemaliza nacho?" akauliza. Nikamwambia nimemaliza. Hata kukipiga picha sikukipiga, na simu yangu imejaa michoro ya mtu wa Nairobi asiyejua kama nimezaliwa.

Asubuhi ya mazishi nikafunua kazi yangu mbele ya Mama.

"Uso uko wapi?"

Nikaanza kumweleza, mjinga mimi, habari za sanaa ya siku hizi, kwamba huyu asiye na uso ni kila mwanamke aliyewahi kubeba kuni mlimani.

"Mimi sikuzaliwa na kila mwanamke," akasema. "Kitambulisho kiko wapi?"

Mjomba alikimbia kwa naibu chifu. Kilikuwa kimeshapelekwa mjini, na ilikuwa Jumamosi, ofisi zimefungwa. Wiki iliyofuata tuliambiwa vitambulisho vya marehemu huharibiwa. Nyanya alizikwa bila picha. Mimi ndiye mjukuu aliyetangulia mbele ya jeneza, mikono mitupu, na shangazi mmoja nyuma yangu anauliza kwa sauti kama hii familia haina hata adabu.

Ule mchoro niliupeleka chuoni. Naam, niliupeleka, mwenye njaa ya sifa hana haya. Walimu walisema nina ujasiri. Ujasiri! Nilitaka kuwatukana kwa Kiembu.

Sasa nyuso ninaziweza. Nilijifunza kwa uchungu, uso baada ya uso, na watu huja kwangu na picha za wazee wao niwachoree. Yule bwana wa Nairobi niliacha kumfuata, ingawa hakunikosea lolote. Mwezi uliopita Mama alikuja, akaketi kwenye kiti wanachokalia wateja.

"Sasa unajua," akasema. "Nichoree mama yangu. Nitakuelekeza."

Tukaanza vizuri. Akanipa mashavu, akanipa kidevu, akacheka tulipofikia meno. Nikamuuliza macho yalikuwaje. Akafumba yake.

"Namwona," akasema. "Lakini nikitaka kumwangalia vizuri, anageuka."

Akaanza kulia. Nikaiweka penseli chini.